Menyu za Kompyuta Zisomeke kwa Kiswahili

SIKU moja tulikaa katika chumba cha kungojea cha ofisi moja ya umma hapa Unguja. Mbele yetu alikuwapo mzee wa Tumbatu, aliyevuka alfajiri kwa mashua hadi Mkokotoni, kisha akapanda gari ya abiria mpaka mjini kuja kuchukua nakala ya hati yake. Karani aliyemhudumia alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kuijua kazi yake kwa miaka mingi. Hati ilikuwamo ndani ya kompyuta. Lakini kompyuta ile ilikuwa imetoka kwa fundi jana yake, nayo menyu yake ilikuwa imebadilika. Mama yule alizoea kubofya mstari wa nne kutoka juu; sasa mstari wa nne ulifungua kitu kingine kabisa. Alijaribu wa tano, akaingiwa na hofu ya kuharibu, akaacha. Maneno yote yaliyoandikwa pale yalikuwa ya Kiingereza.

"Mzee wangu, niwie radhi, mashine imebadilika," alisema. "Rudi kesho, fundi akishakuja."

"Mwanangu," mzee akajibu, "mashine mmeibadilisha nyinyi. Mimi nimepanda mashua ile ile."

Hatuandiki haya ili kumlaumu karani, wala fundi hatumlaumu. Fundi alitimiza wajibu wake: aliongeza programu mpya, na programu hizo zikajipanga kwa taratibu ya alifabeti ya Kiingereza, zikaisukuma chini ile iliyokuwa ya nne. Karani naye alifanya kadiri alivyoweza. Lililotugusa ni hili: kwa miaka yote ile karani huyo hakuwa akisoma menyu, bali alikuwa akihesabu mistari. Tangu hapo tumeuliza katika ofisi na skuli kadhaa, tukawakuta wenzake. Mmoja hukumbuka rangi ya picha, mwingine hukumbuka pembe ya kioo, na mwingine ameandika katika kijikaratasi, "bonyeza mara mbili kushoto, halafu shuka." Huo si utumiaji wa kompyuta. Ni kupapasa gizani ndani ya nyumba yako mwenyewe.

Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wale waliopewa dhamana ya ofisi na skuli, kwamba jambo hili lina dawa, kwamba dawa yenyewe ni rahisi, na kwamba sehemu kubwa ya dawa hiyo imo mikononi mwetu.

MASHINE KONGWE ZISITUPWE

Wakati wa kulizungumza jambo hili umefika kwa sababu nyingine pia. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuitengeneza Windows 10 dhidi ya hatari za usalama. Mfumo ulioifuata, Windows 11, unataka kompyuta iwe na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, nafasi ya hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, na chombo maalumu cha usalama kiitwacho TPM, toleo la 2.0. Kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa hazina chombo hicho. Hazijaharibika, hazikuungua, wala hazikumwagiwa maji. Zimeachwa njiani tu.

Mkuu wa ofisi mwenye mashine kama hizo ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua nyingine, na fedha za kununulia kila mmoja wetu anajua zinavyopatikana. Ya pili ni kuziwekea mfumo huru wa Linux, usiolipiwa leseni, pamoja na eneokazi jepesi. Tunaposema eneokazi tuna maana ya ile sura yote aionayo mtu awashapo kompyuta: ukanda wenye saa, madirisha, picha ndogo ndogo, na ile menyu ambayo ndani yake programu zote huorodheshwa. Maeneokazi mengine ni mazito. Hula kumbukumbu nyingi kwa ajili ya mapambo. Mepesi hujinyima mapambo ili mashine ifanye kazi.

Katika hayo mepesi, la zamani linalojulikana sana ni Xfce, lililoanzishwa mwaka 1996 na Olivier Fourdan. Jingine ni LXDE, lililoanzishwa mwaka 2006 na Hong Jen Yee wa Taiwan, mtu wa kisiwani kama sisi. Tangu mwaka 2014 limekuwapo LXQt, lililotokana na muungano wa kazi ya LXDE na kazi ya kundi jingine lililoitwa Razor-qt. LXDE yenyewe siku hizi haiongezewi mengi mapya, na jitihada nyingi zimehamia LXQt. Hata hivyo bado inatumika. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2 huweza kuandika barua, kutunza daftari la mahesabu na kuchapa hati chini ya maeneokazi hayo bila ya kuchoka.

Yafaa tuwe wakweli hapa. Wepesi wa eneokazi hauondoi uzito wa kivinjari cha intaneti; mwenye kufungua kurasa kumi kwa mara moja katika mashine kongwe ataona ikitota. Aidha, mashine za kale sana, zile za biti 32, zimeanza kuachwa hata na wenyewe Linux: Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, haitolewi tena kwa kuanzishwa upya katika mashine hizo. Basi kabla ya kuamua, ofisi ihesabu mashine zake na kuzitenga. Zilizo za biti 64 zina maisha marefu mbele yao.

Lakini hata mashine ikifufuliwa, kama menyu yake haisomeki, karani wetu atabaki pale pale kwenye mstari wa nne.

MENYU INAVYOTENGENEZWA

Watu wengi hudhani kwamba menyu imechongwa ndani ya kompyuta kiwandani, na kwamba kuibadilisha kwahitaji mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Sivyo. Kila programu iwekwapo ndani ya mfumo wa Linux huacha kikaratasi chake cha utambulisho, yaani faili dogo la maandishi ya kawaida ambalo jina lake huishia na .desktop. Mafaili hayo hukaa katika kabati moja, ambalo anwani yake ni /usr/share/applications. Ndani ya kila faili mna mistari michache: jina la programu, maelezo yake kwa ufupi, picha yake, amri ya kuiendesha, na kundi lake. Eneokazi huyasoma mafaili yote hayo, huyatenga kwa makundi, na hapo menyu huwa imepatikana.

Utaratibu huu haukuwekwa na eneokazi moja peke yake. Uliafikiwa na watengenezaji wa maeneokazi mbalimbali chini ya mradi wa freedesktop.org, ulioanza mwaka 2000. Kwa hiyo faili lililotiwa Kiswahili kwa ajili ya Xfce litasomeka vile vile katika LXDE na katika LXQt. Kazi hufanywa mara moja na kutumika pote.

Jambo lililotufanya tushike kalamu ni kwamba utaratibu huo umeacha nafasi kwa kila lugha ya dunia. Chini ya mstari wa jina la asili, mtu huongeza mstari mwingine wenye alama ya lugha katika mabano ya mraba. Alama ya Kiswahili katika orodha ya kimataifa ni sw. Basi ile programu ya kikokotoo huongezewa mstari huu:

Name[sw]=Piga Hesabu

Hakuna zaidi ya hapo. Kompyuta iliyowekewa Kiswahili itaonyesha Piga Hesabu. Iliyowekewa Kifaransa itaonyesha Kifaransa. Nayo isiyokuta mstari wa lugha yake itarudia jina la asili. Mfumo wa Linux hukitambua Kiswahili cha Tanzania kwa alama ya sw_TZ na cha Kenya kwa alama ya sw_KE. Mstari ulioandikwa sw peke yake husomwa na wote wawili. Ulioandikwa sw_TZ husomwa na Tanzania tu. Kwa hiyo maneno tunayokubaliana na majirani zetu yaandikwe mara moja kwa wote, na pale tu tunapotofautiana, wao wakisema tarakilishi na sisi tukisema kompyuta, kila upande uandike lake. Hapana ugomvi.

Mafundi wetu wazingatie jambo moja. Faili la asili lisiandikwe juu yake, kwa maana programu itakaposasishwa faili hilo litaletwa upya na kazi yote itapotea. Nakala yenye jina lile lile iwekwe katika /usr/local/share/applications kwa watumiaji wote wa mashine, au katika .local/share/applications ndani ya folda ya mtumiaji mmoja. Mfumo huitanguliza nakala hiyo na kuliacha la asili lilale. Ikitokea makosa, nakala huondolewa, na menyu hurudi ilivyokuwa.

Kadhalika, si lazima kila kilichomo katika mashine kionekane. Mstari mmoja usemao NoDisplay=true huificha programu isihesabiwe katika menyu, ingawa yenyewe ipo. Karani wa usajili hahitaji kuona zana za kupima diski. Yamtosha programu anazozitumia. Majina ya makundi nayo yana mafaili yake, yanayoishia na .directory, na mpango wa makundi yote huandikwa katika faili la menyu lililomo ndani ya /etc/xdg/menus. Huko fundi anaweza hata kupanga utaratibu maalumu, ili daftari la usajili likae la kwanza daima, lisisukumwe na mgeni yeyote. Asiyependa kuandika kwa mkono anaweza kutumia programu ya MenuLibre, ambayo huonyesha menyu kwa sura na kuruhusu kuibadilisha hapo hapo.

MANENO NDIYO KAZI

Kama upande wa ufundi ni mwepesi kiasi hicho, mbona menyu zetu bado hazisomeki? Kwa sababu uzito haumo katika mabano ya mraba. Uzito umo katika neno linaloandikwa baada yake, na hapo ndipo sisi wenye lugha tunapotakiwa.

Tuanze na jambo dogo linalowashinda wengi. Vyombo katika Kiswahili huelekea kuanza na ki: kikokotoo, kivinjari, kihariri, kicheza muziki, kitazama picha. Majina hayo ni mazuri moja moja. Lakini menyu hujipanga kwa alifabeti, na mtu aliyezitafsiri zote kwa mtindo huo atajikuta na safu ndefu ya maneno yanayofanana vichwa, na jicho halitapata pa kushika. Mwingine huanza kila mstari na "Programu ya", na hilo ni baya zaidi. Sisi tunaona ni bora menyu itaje kazi badala ya chombo: Andika Barua, Piga Hesabu, Tazama Picha, Sikiliza Sauti, Soma Barua Pepe. Hapo kila mstari huanza na tendo lake, na mtu asiyewahi kukiona chombo hujua atakachofanya nacho.

Jambo la pili ni maneno tuliyo nayo tayari. Wako wanaodhani kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta, nao hukimbilia kubuni. Watazame kwanza nyumbani. Mtoto aliyepita chuoni anajua maana ya kuhifadhi tangu alipoanza kuihifadhi Qur'ani. Mwambie ahifadhi barua, hatauliza mara mbili. Mwenye kukusudia safari kisha akaiacha husemwa ameghairi. Basi neno ghairi latosha pale ambapo mashine huuliza kama tuendelee au tuache. Mwanafunzi hunakili ubaoni. Fundi wa rangi hubandika tangazo ukutani. Na pale mtu anapotaka kurudisha nyuma alilolitenda, lugha yenyewe ina njia yake: aliyefunga hufungua, aliyeziba huzibua, na aliyetenda hutendua. Haya si maneno ya kukodi. Ni ya kila siku, nayo yamekaa yakingojea kuitwa.

Jambo la tatu ni maneno yaliyokwisha kuingia ofisini. Faili limo katika ofisi zetu tangu kabla ya kompyuta. Hapana haja ya kulitoa na kuleta jalada mahali ambapo watu wote husema faili. Kwa upande mwingine, lazima tupambanue pale ambapo makosa yataleta hasara. Kuchapa hati ni kuitoa katika karatasi. Kuchapisha ni kuitangaza kwa watu. Karani aliyeambiwa "chapisha" na mashine iliyokusudia "chapa" anaweza kuogopa kwa haki kabisa. Vile vile kutoka si kuzima. Anayetoka huiacha mashine kwa mwenziwe, anayezima huilaza. Katika chumba ambacho watu wawili hutumia mashine moja kwa zamu, kuchanganya maneno hayo mawili ni kumpotezea mwenzio kazi.

Jambo la nne linahusu upatanisho wa kisarufi. Lugha ya Kiingereza huandika neno moja la kusema "mpya" na kuliacha liende na chochote. Kwetu sisi barua ni mpya, faili ni jipya, na kitabu ni kipya. Mtafsiri aliyepewa neno pekee bila ya jina lake atakosea mara mbili katika tatu. Kadhalika, faili moja limefutwa, bali mafaili matatu yamefutwa. Kwa hiyo tafsiri isifanywe kwa orodha ya maneno makavu yaliyotumwa kwa barua. Mtafsiri na akae mbele ya mashine, aone neno linakaa wapi na linasemea nini.

Na jambo la mwisho: majina ya wenyewe yaachwe. Firefox ni jina, na LibreOffice ni jina. Mtu hatafsiriwi jina lake. Lakini utaratibu tuliouelezea una mstari mwingine kwa ajili ya aina ya programu, na mwingine wa maelezo. Katika mistari hiyo ndipo tutakaposema kwamba Firefox ni kivinjari cha intaneti. Hivyo karani atasoma, na fundi naye hatapotea.

WANAOPINGA

Tunazijua hoja za wanaopinga, nazo si za kupuuzwa.

Wa kwanza husema: vijana wajifunze Kiingereza, mambo yote yatakwisha. Sisi hatukipingi Kiingereza. Mwenye kukijua amepata faida. Lakini mzee wa Tumbatu hakuja ofisini kusubiri mtu ajifunze lugha. Alikuja kuchukua hati. Kazi ya ofisi ni kumhudumia mwananchi leo, kwa watumishi waliopo leo. Somo la Kiingereza lina darasa lake.

Wa pili, aghalabu fundi, husema: mashine ikiharibika, msaada wote ulioandikwa vitabuni na katika intaneti umo kwa Kiingereza, nikiikuta menyu ya Kiswahili nitapotea. Hoja hii ina ukweli. Lakini jina la asili halifutwi. Limo ndani ya faili, juu ya mstari wa Kiswahili. Tena, katika Linux kila mtumiaji huweza kuchagua lugha yake aingiapo. Fundi aingie kwa Kiingereza, karani aingie kwa Kiswahili, na mashine ni ile ile.

Wa tatu husema kwamba kutafsiri menyu tu hakutoshi, kwa kuwa mtu akishafungua programu atakuta Kiingereza ndani. Ni kweli. Maandishi ya ndani ya programu hukaa katika mafaili ya namna nyingine, ni mengi zaidi, na kuyatafsiri ni kazi ya miaka. Lakini ukubwa wa nyumba si sababu ya kuacha kuujenga mlango. Aliyeingia kwa kuelewa huwa na ujasiri wa kuuliza kilichomo ndani. Aliyeingia kwa kupapasa huona haya hata kuuliza.

FUNZO LA MWAKA 2004

Hili si jambo jipya kabisa katika nchi yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisini zilizosema Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima. Ilionyesha kwamba barua, mahesabu na michoro vyaweza kufanywa ndani ya kompyuta bila ya kuiacha lugha ya nyumbani.

Lakini programu hazikai mahali pamoja. Mwaka 2010 sehemu kubwa ya waliokuwa wakiitengeneza OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na huko ndiko maendeleo mengi yalikohamia. Toleo huja baada ya toleo, na kila toleo huleta maneno mapya. Tafsiri isiyoangaliwa hubaki nyuma, na baada ya miaka michache menyu huwa nusu Kiswahili na nusu Kiingereza, hali ambayo ni mbaya kuliko lugha moja yoyote. Mabaharia wetu wanajua kwamba jahazi halitiwi kalafati mara moja na kusahauliwa. Kila msimu lina kazi yake. Tafsiri ni vivyo hivyo. Mradi wenye mwanzo na mwisho hautoshi. Hutakiwa mtu, au afisi, ambayo kazi hii ni yake mwaka hadi mwaka.

TUNAPENDEKEZA

Kwanza, iandikwe orodha moja ya maneno ya menyu, iwe fupi. Utaratibu wa freedesktop.org una makundi makuu 13 tu, kama vile elimu, michezo, ofisi, picha, mipangilio na mfumo. Ukiyaongezea majina na maelezo ya programu zitumikazo katika ofisi ya kawaida, orodha nzima haitakuwa kubwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar, likisaidiana na walimu wa lugha na wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, lina uwezo wa kuimaliza kazi hiyo bila ya kuunda kamati kumi. Na wenzetu wa BAKITA washirikishwe tangu mwanzo, ili kisije kikasemwa Kiswahili cha aina mbili katika serikali mbili za Jamhuri moja.

Pili, kabla ya orodha kupitishwa, ijaribiwe. Wakalishwe makarani watano wa Unguja na watano wa Pemba, na walimu wa skuli za shamba, kila mmoja mbele ya mashine. Waambiwe: andika barua, ihifadhi, ichape. Neno litakalowasimamisha libadilishwe, hata kama wataalamu wamelipenda. Hao ndio watakaolisoma kila asubuhi.

Tatu, mafaili yatakayopatikana yafungwe pamoja kama furushi moja, ili fundi aliyeko Chake Chake na fundi aliyeko mjini waweke kitu kile kile. Hakuna faida ya kila ofisi kuwa na menyu yake. Karani akihamishwa kutoka Wete kwenda Makunduchi, aikute menyu aliyoiacha.

Nne, kazi hiyo isifungiwe kabatini. Maneno yakishakubaliwa yapelekwe kwa wenyewe watengenezaji wa Xfce na LXQt na programu nyinginezo, ambao hupokea tafsiri kutoka kwa watu wa lugha zote. Hapo Kiswahili chetu kitaletwa pamoja na programu yenyewe, na mtoto wa Lamu, wa Bujumbura au wa Lubumbashi atakikuta bila ya kutuomba.

Tano, na hili tunawaambia wakuu wa ofisi moja kwa moja: fundi asiruhusiwe kubadilisha menyu ya mashine ya kazi bila ya kumkalisha anayeitumia na kumwonyesha. Hili halina gharama hata ya senti moja, na linaweza kuanza kesho.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiswahili sanifu kinachofundishwa leo kutoka pwani hadi maziwa makuu kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Ndivyo ilivyopendekezwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka siku hiyo huadhimishwa kwa hotuba, na hotuba hizo aghalabu huandikwa kwa kompyuta ambayo haimwambii mwandishi wake hata neno moja la lugha anayoisifu. Haifai visiwa vilivyoipa lugha msingi wake viwe vya mwisho kuiona katika kioo cha mashine.

Hatuombi miujiza. Tunaomba mstari mmoja chini ya kila jina, neno lililofikiriwa vizuri, na mtu wa kulitunza. Mzee wa Tumbatu alirudi siku ya pili, na hati yake aliipata. Lakini safari ile ya pili, nauli yake na siku yake nzima ya kuvua, hakuna aliyemlipa.